Kamera ya Kwanza Nyumbani Inapokataa Mtandao: Pa Kuanzia Kutafuta

Kamera ndogo ya ulinzi, ile ya kufunga mwenyewe ukutani, haina kioo wala kibodi. Ikishindwa kuingia kwenye mtandao haina namna ya kukueleza imekwama wapi. Itapepesa taa yake nyekundu, na simu itaandika "imeshindikana, jaribu tena". Mwenye nyumba anajaribu tena. Anabadilisha nywila ya Wi-Fi, anairudisha kamera kwenye mipangilio ya kiwandani, anafuta aplikesheni na kuipakua upya, na mwisho anairudisha dukani akiamini ameuziwa kitu kibovu. Mara nyingi kamera ni nzima kabisa. Kinachokosekana ni kujua kipande gani cha njia kimekatika.

Maana njia yenyewe ni ndefu kuliko inavyoonekana. Kwanza kamera inahitaji umeme wa kutosha. Halafu inahitaji mawimbi ya redio ya kuifikisha kwenye ruta, anwani ambayo ruta huigawia, laini au nyaya zinazotoka nje kwenda intaneti, na seva ya kampuni iliyotengeneza kamera. Ndipo picha ifike kwenye simu yako. Kila kipande kinaweza kukatika peke yake, na chochote kikikatika simu huandika jambo lilelile: kifaa hakipo hewani. Ndiyo maana kubahatisha kunachosha. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo, hata kamera ikikubali hutajua kipi kilichoiponya, na ikigoma tena wiki ijayo unaanza upya.

Tuchukue nyumba ya mfano, pembezoni mwa Dar es Salaam: vyumba vitatu, ukuta wa bloku kuzunguka kiwanja, geti la chuma, ruta ya laini ya simu imewekwa dirishani sebuleni, na kamera inatakiwa ikae juu ya nguzo ya geti, mita 25 kutoka dirishani. Karibu matatizo yote ya kamera ya kwanza yanakaa ndani ya nyumba hiyo.

Mezani kwanza, nguzoni baadaye

Usianze na ngazi. Kabla ya kutoboa ukuta, iweke kamera mezani, mita mbili hivi kutoka kwenye ruta, uichomeke kwa adapta iliyokuja nayo kwenye boksi, bila waya wa kuongezea. Iunganishe hapohapo mpaka uone picha kwenye simu. Jaribio hili moja linagawa matatizo yote mafungu mawili. Ikigoma mezani, umbali na kuta havihusiki; shida iko kwenye mipangilio ya ruta, kwenye simu, au kwenye akaunti. Ikikubali mezani na kugoma nguzoni, mipangilio ni sahihi na hakuna sababu ya kuigusa tena. Shida ni mawimbi au umeme. Hata ukimwita fundi, mwombe aanze hivyo.

Ikigoma mezani, cha kwanza kukishuku ni bendi ya redio. Ruta nyingi za siku hizi zinarusha Wi-Fi kwa bendi mbili, GHz 2.4 na GHz 5, na kamera nyingi za bei nafuu zina redio ya GHz 2.4 tu. Si chaguo baya, kwa sababu mawimbi ya 2.4 yanapenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali zaidi, na kamera haihitaji kasi kubwa. Lakini maana yake ni kwamba Wi-Fi ya GHz 5, hata iwe na nguvu kiasi gani, kwa kamera hiyo haipo.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Ruta ikitenganisha majina ya bendi zake, mara nyingi huongeza "5G" mwishoni mwa jina la ile ya GHz 5. Hiyo 5G haina uhusiano wowote na 5G ya minara ya simu. Unaweza kuwa na ruta ya laini ya 4G inayorusha Wi-Fi yenye jina linaloishia na 5G, na unaweza kuwa na ruta ya laini ya 5G inayorusha Wi-Fi ya GHz 2.4 bila shida. Boksi la kamera likiandikwa kwamba haikubali 5G, linazungumzia Wi-Fi ya ndani ya nyumba. Laini yako ya 5G inaifaa.

Ruta nyingine huziweka bendi zote mbili chini ya jina moja na kujichagulia zenyewe kila kifaa kikae wapi. Kwa simu huo ni urahisi. Kwa kamera inaweza kuwa kikwazo, hasa ile ambayo simu yenyewe huirushia kamera jina na nywila kupitia hewani: simu ikiwa kwenye GHz 5, kamera haisikii chochote. Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, zima GHz 5 kwa dakika kumi, unganisha kamera, kisha iwashe tena. Au zipe bendi hizo majina mawili tofauti na uache hivyo daima, jambo ambalo mimi nalipendelea kwa sababu linakuondolea utata siku ya kuongeza kamera ya pili.

Ukiwa kwenye ukurasa huohuo, angalia aina ya ulinzi wa Wi-Fi. Ruta mpya huja na WPA3, na kamera nyingi zinaelewa WPA2 tu. Dalili yake inaudhi: kamera inasema nywila si sahihi, ilhali umeiandika herufi kwa herufi. Rudisha kwenye WPA2 yenye AES, au kwenye mpangilio wa mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 kama ruta inao. Angalia pia chaneli, yaani kipande cha bendi ambacho ruta inarushia. Kwenye GHz 2.4 chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana, na kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza isione kabisa chaneli 12 na 13. Ruta iliyoachwa ijichagulie ikiangukia 13, jana kamera ilifanya kazi na leo haipo, na hakuna aliyegusa kitu. Chagua mwenyewe moja ya zile tatu. Na kama jina la Wi-Fi au nywila ina alama za ajabu au nafasi mwishoni, zibadilishe ziwe herufi na tarakimu, maana programu za kamera nyingine hazizimudu.

Simu nayo ni sehemu ya njia

Kamera isiyo na kibodi lazima ipewe jina la Wi-Fi na nywila kwa njia nyingine, na njia hizo ziko chache. Ya kawaida ni simu kuonyesha msimbo wa QR nawe kuushika mbele ya lenzi. Msimbo huo umebeba jina la Wi-Fi, nywila na alama ya akaunti yako, na kwa kawaida huisha muda wake baada ya dakika chache, kwa hiyo msimbo uliopigwa picha jana haufai leo. Ikiwa kamera haiusomi, toa kwanza ile nailoni nyembamba ya kuilinda lenzi. Inaonekana kama kioo na wengi huiacha. Ongeza mwanga wa simu, shika simu umbali wa sentimita 15 hadi 20, kisha isogeze nyuma taratibu. Ukiigandisha puani mwa kamera, lenzi haiwezi kuona vizuri.

Njia ya pili ni kamera kurusha Wi-Fi yake yenyewe kwa muda, nawe ukaingia humo kwa simu ili uipe maelezo. Hapo simu inagundua kwamba Wi-Fi hiyo haina intaneti, inarudi kimyakimya kwenye data ya laini, na kamera inabaki inasubiri. Zima data ya simu kwa dakika hizo, na simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Zima pia VPN kama unayo, kwa sababu VPN inapitisha kila kitu nje ya nyumba na kamera iliyoko mita mbili inakuwa haifikiki.

Kisha kuna ruhusa. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, aplikesheni inayotaka kuzungumza na vifaa vya ndani ya nyumba lazima iruhusiwe kutumia mtandao wa ndani. Swali hilo huja mara moja tu, na aliyebonyeza "usiruhusu" bila kusoma atahangaika sana baadaye. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta aplikesheni ya kamera, washa ruhusa hiyo. Kwenye Android, aplikesheni huomba ruhusa ya mahali ulipo, na watu huikataa kwa hofu inayoeleweka. Sababu yake ni kwamba mfumo huo unahesabu jina la Wi-Fi unayotumia kuwa taarifa inayoweza kufichua ulipo. Iruhusu wakati wa kuunganisha, kisha uiondoe.

Akaunti nayo ina mambo yake. Kamera ya mtumba, au iliyowahi kufungwa na mtu mwingine, inaweza kuwa bado imefungamanishwa na akaunti ya mwenye awali, na kubonyeza kitufe cha kuirudisha kiwandani hakuifungui, kwa sababu usajili huo unakaa kwenye seva. Mwenye awali pekee ndiye wa kuifuta kwa urahisi, basi mfanye muuzaji aifute mbele yako kabla hujatoa pesa. Kadhalika kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la China inaweza kukataa akaunti iliyosajiliwa nchi nyingine. Ukiona ujumbe unaotaja eneo au nchi, acha kuhangaika na ruta.

Imekubali mezani, imegoma getini

Sasa kamera inaonyesha picha safi pale sebuleni. Kabla ya kuifunga nguzoni, nenda na simu mpaka pale pale itakapokaa, ingia kwenye Wi-Fi ya GHz 2.4, na upime. Zipo aplikesheni za bure za Android zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba iliyo chini ya sifuri. Hasi 60 ni nzuri, hasi 70 inavumilika, hasi 80 ni taabu. Tofauti inaonekana ndogo lakini si ndogo: kila dBm 10 zikipungua, nguvu imepungua mara kumi, kwa hiyo hasi 80 ni moja ya mia ya hasi 60. Na kumbuka kuwa kamera ndiyo inayotuma. Ruta inaweza kusikika vizuri getini huku kamera yenye antena ndogo haisikiki sebuleni.

Katika nyumba yetu ya mfano, mita 25 si tatizo peke yake. Tatizo ni kilichomo katikati: kuta za bloku, nondo za lenta, nyavu na fremu za chuma za dirisha, tenki la maji, na geti lenyewe. Chuma huzuia mawimbi zaidi kuliko bloku, na maji huyameza. Kuisogeza ruta kutoka nyuma ya televisheni na kuipeleka dirisha linalotazama geti, au kuihamisha kamera nusu mita ili isijifiche nyuma ya bati la geti, mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko kununua kifaa kipya. Ukilazimika kununua kirudia mawimbi, kiweke katikati ya njia, mahali ambapo chenyewe bado kinapata mawimbi mazuri. Kukiweka kando ya kamera ni kurudia kitu ambacho kimeshaharibika.

Kwa maoni yangu, kama kuna uwezekano wowote wa kupitisha waya, pitisha waya. Kebo ya mtandao ya Cat 5e inafika mita 100 kwa mujibu wa viwango vyake, haijui ukuta wala jirani aliyenunua ruta mpya, na ukitumia kamera ya PoE waya huohuo unabeba na umeme. Ila kagua kebo unayouziwa. Zipo zenye alumini iliyopakwa shaba juu, bei yake ni ndogo, na kwa PoE ya umbali mrefu zinapoteza umeme. Kwaruza ncha kwa kisu: ikitokea nyeupe ndani, siyo shaba.

Na kuna nyumba ambazo ruta si ruta. Kifaa kidogo cha mfukoni chenye betri kimetengenezwa kwa ajili ya msafiri. Baadhi yake huzima Wi-Fi baada ya dakika kadhaa zisipokuwepo simu zilizounganishwa, na kamera iliyopotea kwa sekunde chache haikikuti tena. Tafuta mpangilio wa kulala na uuzime. Anayeunganisha kamera kwenye hotspoti ya simu yake anaondoka na intaneti ya nyumba kila anapotoka, ndiyo saa anayohitaji kamera kuliko zote. Wi-Fi ya nyumba za kupanga au hosteli, ile inayokutaka ufungue ukurasa na kujaza namba kwanza, haifai pia, kwa kuwa kamera haiwezi kujaza ukurasa.

Kamera inayokufa magharibi

Kuna hitilafu moja nataka niieleze kwa utaratibu, kwa sababu inaonekana kabisa kama ya mtandao na siyo. Kamera inafanya kazi mchana kutwa. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni inapotea. Inarudi, inapotea, inarudi, mpaka alfajiri, kukipambazuka inatulia. Mwenye nyumba anahitimisha kwamba jioni mtandao unalemewa na watu. Kweli hulemewa, lakini si kwa namna hiyo ya kuzima na kuwaka.

Kinachotokea ni kwamba giza likiingia, kamera inawasha taa zake za infraredi, zile zinazoiwezesha kuona usiku, na mahitaji yake ya umeme yanapanda. Tuseme ni kamera ya volti 5 inayovuta ampea 0.3 mchana na 0.8 usiku. Fundi ameacha adapta sebuleni na kuurefusha waya kwa mita 10 akitumia nyaya nyembamba, unene wa zile zilizomo ndani ya kebo ya mtandao. Waya huo una ukinzani wa ohm 0.084 hivi kwa mita, na umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 20: ohm 1.68. Mchana volti zinazopotea njiani ni 0.5, kamera inapata 4.5 na inavumilia. Usiku zinapotea 1.34, inapata chini ya 3.7. Inazima. Ikizima, taa zinazima, volti zinapanda, inawaka tena, inaona giza, inawasha taa, inazima. Mzunguko huo unaendelea usiku kucha, na kila mara kamera inaanza upya kutafuta Wi-Fi.

Huhitaji kusubiri usiku ili kuhakikisha. Funika kamera na kitambaa cheusi saa sita mchana. Ikizima ndani ya dakika moja, ruta haina kosa. Tiba ni kuileta soketi karibu na kamera, au kutumia waya mnene, au kuchagua kamera ya volti 12, ambayo kwa kazi ileile inavuta ampea kidogo zaidi ya 0.3 na kupoteza kama nusu volti tu kati ya 12 kwenye waya uleule.

Umeme unapokatika na kurudi, kamera huwaka mapema kuliko ruta ya laini, ambayo lazima kwanza itafute mnara. Kamera nzuri hurudia kutafuta mpaka ipate. Nyingine hukata tamaa. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kuiweka ruta hewani husaidia sana, hata kama kamera haiko juu yake. Baada ya kukatika kwa umeme angalia pia saa ya kamera. Ikionyesha mwaka 1970, imepoteza saa na haijafika kwenye seva ya kuisahihisha. Ikiwa mbele kwa saa tano, bado iko kwenye saa za China, ihamishie saa za Afrika Mashariki, UTC+3. Video ya tukio yenye saa isiyo sahihi ni ngumu kuitafuta kwenye kadi, na ngumu zaidi kuieleza kituoni.

Anwani zisizokutana

Hili linawahusu zaidi wanaofunga kamera za waya. Kila kifaa ndani ya nyumba hupewa na ruta anwani ya IP. Ruta moja hugawa zinazoanza na 192.168.8, nyingine 192.168.0, nyingine 192.168.100. Kamera nyingi za Hikvision hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.64, na nyingi za Dahua na 192.168.1.108. Ukiichomeka kamera hiyo kwenye ruta ya 192.168.8.1, waya ni mzima, taa ya poti inawaka, na bado havionani, kwa sababu kila kimoja kinamhesabu mwenzake kuwa yuko mtandao mwingine. Chomeka laptopu moja kwa moja kwenye kamera, au kupitia swichi ya PoE kama kamera inapata umeme humo, ipe laptopu anwani ya muda kama 192.168.1.50 yenye maski 255.255.255.0, fungua 192.168.1.64 kwenye kivinjari, kisha iambie kamera ipokee anwani kutoka kwa ruta. Baadaye, kwenye ruta, itengee kamera anwani yake ya kudumu ili isibadilike kila umeme ukirudi. Na ukiikuta kamera au laptopu ina anwani inayoanza na 169.254, iliomba anwani na hakuna aliyeijibu: angalia kebo na ruta kabla ya kitu kingine.

Ukiwa nje ya nyumba

Ukiona picha ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani na usione ukiwa kwenye data ya laini, vipande vyote vya ndani vimeshajithibitisha. Usiviguse. Shida iko kati ya ruta na dunia.

Ushauri wa zamani ni kufungua poti kwenye ruta: kuiambia kwamba anayegonga kutoka nje kwenye poti fulani, yaani mlango wenye namba yake, apelekwe kwenye kamera. Kwa intaneti ya laini ya simu, na kwa Starlink ya kawaida iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, ushauri huo kwa kawaida haufanyi kazi. Anwani za IP za kizamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu duniani, na hazitoshi. Kwa hiyo kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ni kama shule yenye Sanduku la Posta moja: kila mwanafunzi anaweza kutuma barua, na majibu yake yatamfikia kwa kuwa karani aliandika nani alituma nini, lakini barua ya mgeni iliyoandikwa namba ya sanduku tu haina wa kupelekewa. Kufungua poti kwenye ruta yako ni kuufungua mlango wa bweni wakati barua imekwamia ofisini.

Kujihakikishia ni rahisi. Angalia kwenye ukurasa wa ruta anwani iliyopewa upande wa nje. Ikiwa inaanza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, fungu lililotengwa kwa kazi hii mwaka 2012, au ikitofautiana na ile unayoonyeshwa na tovuti za kukagua anwani yako, umewekwa nyuma ya sanduku la pamoja. Ndiyo maana kamera za siku hizi hutumia P2P: kamera yenyewe hutoka nje na kushikilia mawasiliano na seva ya mtengenezaji, simu nayo huenda kwenye seva hiyohiyo, wakakutanishwa. Yakishindikana mawasiliano ya moja kwa moja, picha yote hupitia kwenye seva, na hapo ndipo unaona ucheleweshaji wa sekunde kadhaa na picha inayokwamakwama. Mwenye kompyuta inayokaa hewani nyumbani anaweza kuweka VPN yake mwenyewe, kwa mfano Tailscale, na kuifikia kamera bila kufungua poti yoyote.

Kagua pia kasi ya kupakia, kwa sababu kipimo cha kasi kinachotangazwa ni cha kupakua. Laini inayopakua kwa megabiti 40 inaweza kupakia kwa 2 tu jioni, na kamera ya 1080p huomba karibu zote hizo. Punguza ubora wa kuangalia ukiwa nje, uache ubora kamili kwenye kadi.

Na hesabu ya bando ifanye kabla ya kuchagua huduma ya kuhifadhi video kwenye wingu. Megabiti 2 kwa sekunde ni gigabaiti 0.9 kwa saa, 21.6 kwa siku, 648 kwa mwezi. Mabando mengi ya nyumba ya kawaida hayatabeba hayo. Ila ukirekodi kwenye kadi ndani ya kamera na kupeleka wingu vipande vya matukio tu, tuseme 20 kwa siku vya sekunde 15, ni megabaiti 75 kwa siku, kama gigabaiti 2.25 kwa mwezi. Kadi ya gigabaiti 128 kwa kasi hiyo hushika siku sita hivi za kurekodi mfululizo kabla ya kuanza kufuta za zamani. Bando likiisha, kadi inaendelea kurekodi; unachokosa ni kuona ukiwa mbali.

Kabla ya kuiacha peke yake

Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu jozi kama 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera, mashine za kurekodia na ruta. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikigeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, na Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera hawakujua chochote. Picha zao ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Kwa hiyo kamera ikishakubali, badilisha nywila ya kiwandani ya kamera yenyewe, mbali na ile ya aplikesheni, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Funga poti zozote ulizofungua ukijaribu, na uzime UPnP kwenye ruta ili kamera isijifungulie poti bila wewe kujua. Sasisha programu yake. Ukitaka kuitenga, iweke kwenye Wi-Fi ya wageni, ukijua kwamba ruta nyingi huzuia vifaa vya humo kuonana na vya mtandao mkuu, hivyo hata ukiwa sebuleni picha itazunguka nje kwanza na kula bando. Na siku ukiiuza au kuigawa, ifute kwenye akaunti yako, utoe kadi, ndipo uikabidhi.